Wikiendi Istanbul kwa Mbongo aliyechoka na Laleli: kivuko, hamamu, gulio la Kasımpaşa na dagaa wa Bahari Nyeusi

Mtoto wa Pantoni:

Wakuu, habari za jioni.

Nyuzi za Uturuki humu ndani ni za aina mbili: mzigo wa nguo na kupandikiza nywele. Mtu anatua, analala Laleli, anashinda Merter, mitaa ya nguo za jumla, anafunga mabegi anarudi Kariakoo. Ukimuuliza Istanbul ikoje, anakutajia bei ya jinzi kwa dazeni. Simlaumu, kila mtu na riziki yake. Ila mimi niko huku kikazi, naishi upande wa Asia, Kadıköy, na Jumamosi na Jumapili zangu hazina mzigo. Nimeona niwape wikiendi yangu inavyokwenda, kwa faida ya mwenye siku mbili za ziada kabla ya ndege, na kwa wale waliopata kazi au shule huku halafu wanajifungia ndani na simu.

Msimamo wangu nausema mapema tusije tukagombana katikati ya uzi: raha ya mji huu iko kwenye mambo wanayofanya wenyeji siku wasiyokwenda kazini, na mengi gharama yake ni nauli na chai. Vya kupangia foleni vipo na ni vizuri. Ayasofya, ule msikiti uliokuwa kanisa, imesimama tangu mwaka 537, haiendi popote. Lakini tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni analipa yuro 25 kupanda roshani ya juu, na huko juu utakutana na watalii wenzako tu. Kaione mara moja umalize, halafu njoo huku kwetu.

JUMAMOSI ASUBUHI

Mimi mtoto wa Kigamboni, kwa hiyo lazima nianze na kivuko. Huku kinaitwa vapur. Unanunua kadi ya Istanbulkart kwenye mashine, unaijaza hela, na kadi hiyo hiyo inakupandisha basi, tramu, metro, treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari tangu 2013, na kivuko. Kutoka Kadıköy unakwenda Eminönü, Karaköy au Beşiktaş, mwendo wa dakika ishirini na kidogo. King'ora, harufu ya dizeli, watu wanavyojipanga mlangoni kabla kamba hazijafungwa, hiyo ni pantoni ya Magogoni mtupu, isipokuwa humu hapandi gari na kuna mtu anapita na sinia la chai.

Kaa nje, kwenye mabenchi ya ubavuni. Kikishatoka gatini, kulia kwako ni stesheni ya Haydarpaşa, jengo la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20 ambalo reli ya kwenda Baghdad ilianzia. Mbele kushoto linaanza kujitokeza lile rasi lenye kasri la Topkapı na minara. Chai inakuja kwenye kiglasi chenye kiuno, haina maziwa wala tangawizi, ina vidonge viwili vya sukari pembeni ya kisahani. Kishike kwenye ukingo wa juu kwa vidole viwili, ukikikamata tumboni utaungua. Majani yake yanalimwa Rize, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, na pwani hiyo mtaisikia tena kwenye uzi huu. Mara utaona mama mmoja anamegua simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, anarusha kipande hewani na shakwe anakidaka kabla hakijagusa maji. Watoto wanapiga kelele. Wazee hawainui hata macho kwenye gazeti.

Pale Eminönü vijana watakuvuta mkono wakiuza safari za boti za Bosphorus, ule mlango wa bahari kati ya Ulaya na Asia. Waache. Şehir Hatları, shirika la vivuko vya jiji, lina safari yake ndefu inayoondoka hapo hapo Eminönü kwenda mpaka Anadolu Kavağı, kijiji karibu na mlango wa Bahari Nyeusi. Unashuka, unakula samaki, unapanda ngome kama miguu ipo, unarudi. Njiani unapita chini ya Rumeli Hisarı, ngome aliyoijenga Sultani Mehmed II mwaka 1452 kwa miezi kama minne tu, kisha mwaka uliofuata akauchukua mji. Wengine wanalipia mara nyingi zaidi ya nauli hiyo kuona maji yale yale huku wamewekewa muziki wa disko.

Kidagaa:

Picha mkuu. Uzi bila picha ni hekaya.

Mtoto wa Pantoni:

Zinakuja, simu ya picha iko chaji. Nasonga.

Daraja la Galata utalivuka kwa miguu. Hili la sasa ni la mwaka 1994, lile la kabla yake liliungua. Juu wamejipanga wavuvi bega kwa bega, ndoano na ndoo, usiku na mchana, mvua ikinyesha wanafungua miavuli. Wanavua visamaki vidogo, istavrit. Simama nyuma ya mmoja wao dakika chache uone: anarusha kamba yenye ndoano nyingi, anatulia, anaitikisa mara mbili, anavuta, na mara nyingine wanapanda watatu kwa mkupuo. Mpe "rast gele" tu, heri ya kuvua, atakujibu hata bila kugeuka. Wale samaki wa kwenye mkate wanaouzwa pale chini kwa watalii ni watamu, sikatai, ila mara nyingi wametoka Norwei kwenye barafu. Hawajawahi kuiona Bosphorus.

Kutoka hapo nakata kwenye Soko la Viungo, sisimami, napanda mlima mpaka Süleymaniye. Msikiti ulimalizika 1557, mjenzi wake Sinan, na kaburi lake mwenyewe liko pale pembeni ya ukuta, dogo, kwenye kona ya barabara, watu wanalipita bila kujua. Ndani viatu mkononi, ni bure. Uani nyuma unaona Pembe ya Dhahabu, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, yote chini yako. Ila nikiri, kwangu mimi msikiti na mandhari ni nusu ya safari. Nusu ya pili iko upande wa pili wa barabara, kwenye mstari wa migahawa inayouza kitu kimoja tu.

Wali maharage.

Sitanii. Wanaita kuru fasulye na pilav. Maharage meupe makubwa yamepikwa taratibu na nyanya ya kopo na siagi mpaka yanayeyuka mdomoni, wali wa siagi, kachumbari ya siki pembeni, kitunguu kibichi, mkate kwenye kikapu usiolipiwa. Mawakili, wanafunzi wa chuo kikuu cha jirani, madereva, wote wamebanana kwenye meza ndefu. Ndiyo chakula ambacho Mturuki akiwa mbali na nyumbani anakililia. Mara ya kwanza nilikaa pale nikajiuliza kwa nini nilihangaika na kebabu muda wote ule.

Shangazi Kariakoo:

Mwanangu, umetusema kweli watu wa Laleli lakini sijakasirika. Miaka yote naingia Istanbul sijui kama kuna wali maharage. Tunakula kuku wa kuchoma pale chini ya hoteli kila siku mpaka anatoka puani. Hayo maharage kutoka Laleli ni mbali?

Mtoto wa Pantoni:

Shikamoo shangazi. Si mbali hata kidogo, unatembea. Kutoka Laleli unapanda kuelekea lango kubwa la chuo kikuu pale Beyazıt, unazunguka ukuta wa chuo, unatokea Süleymaniye. Robo saa, ukitembea na mabegi nusu saa.

Shangazi Kariakoo:

Marahaba. Siku hiyo mabegi yatabaki hotelini.

Mtoto wa Pantoni:

HAMAMU

Hapa nitakaa, maana ndipo watu wanapoogopa.

Zipo hamamu za kale zinazofanya kazi mpaka leo. Çemberlitaş, karibu na Soko Kuu, ilijengwa 1584, mchoro unasemwa ni wa Sinan huyo huyo, na aliyeigharimia ni Nurbanu, mama yake Sultani Murad III. Nzuri sana na bei yake ni ya mtalii. Mimi naenda ya mtaani, Üsküdar, ambako mashuka yamechakaa na mzee wa mlangoni anatazama taarifa ya habari muda wote.

Unavua kwenye kijumba chako, unajifunga kiunoni shuka la pamba la mistari. Shuka hilo upande wa wanaume halivuliwi, hata wakati wa kuoshwa. Huku wana haya kuliko tunavyowadhania. Unapewa mitalawanda, ile ya mbao hasa, unaburuza miguu kwenye marumaru yenye maji mpaka chumba cha moto. Juu kuna kuba lenye vitundu vya kioo, mwanga unaingia hapo tu. Katikati kuna jiwe la marumaru pana kama kitanda cha watu wanane, linapashwa moto kwa chini. Unalala hapo kifudifudi, jasho linakutoka mpaka unaanza kuhesabu madeni yako. Ukizidiwa, pembeni kuna mabirika ya marumaru, unachota maji kwa tasa unajimwagia.

Kisha anakuja tellak, msuguaji. Wa kwangu ni mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mabega mapana, maneno hana. Anavaa kese mkononi, kimfuko cha kitambaa chenye ukali kuzidi dodoki lolote nililowahi kuonja. Anaanzia begani, anashuka kwa mikokoto mirefu mpaka kiganjani, kisha anauinua mkono wako mbele ya macho yako ujionee. Nongo, wakuu. Vijiti vya kijivu vimejiviringa toka begani mpaka kiwikoni, na asubuhi ile nilikuwa nimeoga na sabuni. Yule bwana wa pembeni yangu, mzaliwa wa hapo hapo Üsküdar, vyake vilikuwa rangi hiyo hiyo, kwa hiyo mwenye utani wa rangi aumeze mapema.

Akimaliza mgongo anakugonga kofi moja la kukwambia geuka. Baada ya hapo anachovya mfuko wa kitambaa kwenye maji ya sabuni, anaupeperusha ujae hewa, anaukamua kutoka juu kwenda chini, na povu linashuka mpaka hujioni. Unasuguliwa tena, unakandwa, unavunjwa mifupa kidogo, unamwagiwa tasa za maji mfululizo kichwani. Mwisho anakufunga taulo tatu, kiunoni, mabegani na kilemba kichwani, anakuketisha kwenye ukumbi wa baridi. Wazee waliokaa pale wanakwambia "sıhhatler olsun", heri ya aliyetoka kuoga, unaagiza chai au soda ya madini, unakaa. Hakuna anayekuharakisha. Nimeshaona mtu anamaliza gazeti zima na kilemba chake kichwani.

Bahashishi mpe msuguaji mkononi mwake mwenyewe.

Bwana Shubiri:

Mkuu umetaja kila kitu ila pombe. Watu wazima tumo humu.

Mtoto wa Pantoni:

Ipo. Usiku Kadıköy inachangamka, na mezani ni rakı, kali, ina harufu ya anisi, ukiitia maji inageuka nyeupe kama maziwa. Inanyweka na samaki, jibini nyeupe na tikitimaji, taratibu, stori nyingi, kwa muda wa saa nne mpaka tano. Ukiibugia watajua wewe mgeni. Angalizo moja la maana: pale Taksim ukisimamishwa na jamaa mchangamfu mwenye Kiingereza kizuri, eti naye mgeni mjini, twende tukanywe moja, usiende. Atakupeleka mahali bili itakuja ya mshahara mzima na mlangoni wamesimama vijana wenye vifua. Na yule mng'arisha viatu anayeangusha brashi mbele yako, ukimwokotea atakung'arishia "bure" kwa shukrani, kisha ataanza kukuhesabia watoto wake wagonjwa. Mpite.

Mimi Jumamosi usiku napenda zaidi vijiwe vya chai. Wanaume, siku hizi na mabinti wengi tu, wanacheza tavla, ule mchezo wa dadu na kete kwenye ubao wa mbao. Idadi za dadu wanazitaja kwa Kiajemi, wanazipigia kelele, na kete wanaibamiza ubaoni makusudi mwenzake ashtuke. Hata kama hujui kucheza, kaa utazame, baada ya chai mbili mtu atakuvuta akufundishe, na atakufunga bila huruma.

Njiani kurudi nyumbani kuna wauza kome, midye dolma. Kome amejazwa wali wa viungo ndani ya gamba lake. Muuzaji anafungua, anakamulia limau, anakupa. Umemeza, ameshakupa mwingine. Hakuulizi unataka wangapi, anaendelea mpaka useme basi, kisha anahesabu magamba. Angalia tu ana wateja wengi na mzigo wake unatoka haraka, kome hawataki kukaa.

Siku ya mechi ya Fenerbahçe mtaa mzima ni njano na bluu, uwanja uko hapo hapo Kadıköy. Kuingia lazima uwe na kadi ya Passolig yenye jina lako, kwa hiyo mtu wa kupita tu atatazamia nje kwenye skrini za vijiwe, na mimi naona kelele za nje zinatosha. Nikisema natoka Tanzania, wenye kumbukumbu wanajibu "Samatta!" Alitua hapo 2020 akitokea Aston Villa. Hawakumfaidi sana, na wanakwambia hivyo hivyo bila kukuficha.

Kidagaa:

Kuhusu ubaguzi sema ukweli mkuu, usituuzie mji.

Mtoto wa Pantoni:

Sawa. Mtaani kwa kawaida nachukuliwa mgeni wa kupokelewa: muuza nyanya ananiita abi, kaka, watoto wanataka kupiga picha na mimi, wazee wanauliza kama Afrika kuna baridi. Kwenye kutafuta nyumba ndipo nilipoona rangi nyingine. Unapiga simu nyumba ipo, ukifika wakakuona imeshachukuliwa. Na polisi wanasimamisha watu kukagua vitambulisho, hasa maeneo ya Aksaray na Laleli. Mkazi tembea na kimlik yako, kadi ya ukaazi, mgeni tembea na pasipoti. Usibishane, toa, ondoka.

Mzee wa Chumbageni:

Vijana, niongeze moja. Msidhani sisi ni wa kwanza kufika huko. Wapo Waturuki weusi toka enzi za Dola ya Osmania, wengi pande za İzmir, babu zao walipelekwa utumwani kutoka Sudan, Habeshi na huku kwetu Afrika Mashariki. Alikuwapo Mustafa Olpak, aliyefuatilia ukoo wake akaukuta umetokea Kenya, akaanzisha chama chao mwaka 2006. Alifariki 2016. Sherehe yao ya zamani, Sikukuu ya Ndama, ikafufuliwa. Mleta uzi ukipata nafasi panda basi uende İzmir utuletee habari hizo, hamamu tumeelewa.

Mtoto wa Pantoni:

Shikamoo mzee. Ahsante kwa hilo. İzmir ni safari ya basi ya usiku mmoja, na sikukuu hiyo huwa majira ya kuchipua, naiweka kwenye kalenda.

JUMAPILI

Soko Kuu Jumapili limefungwa, wauzaji wengi wa jumla nao wamefunga. Kwa hiyo amka mapema uende Kasımpaşa, upande wa Ulaya, kwenye gulio la watu wa Kastamonu.

Kastamonu ni mkoa wa Bahari Nyeusi, mbali, kilomita kama mia tano. Wanavijiji wanapakia malori Jumamosi, wanasafiri usiku kucha, asubuhi wamepanga vitu chini ya maturubai, na mchana wanaanza kufunga warudi. Wanaouza wengi ni kina mama waliojifunga vitambaa vya maua, na alichokileta kila mmoja kimetoka shambani kwake: mayai kwenye ndoo ya majani makavu, siagi kwenye majani, kitunguu saumu cha Taşköprü kilichosukwa kwenye mikungu, asali ya maua ya chesnati ambayo ni chungu kidogo kooni, mikate mikubwa ya kukatiwa, uyoga msimu wa vuli. Hawana haraka ya kukuuzia. Bibi mmoja alinikatia jibini kwenye ncha ya kisu, akanipa, akaniangalia natafuna mpaka nimemeza, ndipo akataja bei.

Na sasa habari niliyowaahidi, watu wa Mwanza mkae vizuri. Watu wa Bahari Nyeusi ni watu wa mahindi. Wanao unga wa mahindi, wa njano, umesagwa kwa mawe, unauzwa pale kwa kilo. Wao wanausonga na siagi na jibini mpaka unavutika, wanauita kuymak. Mimi nausonga kwa maji ya moto na mwiko kama mama alivyonifundisha, na rangi yake ya njano naisamehe. Kisha wakati wa baridi wanakuja hamsi, samaki wadogo wa kidole, ambao nchi nzima inawasubiri. Wanawatoa kichwa, wanawagaragaza kwenye unga huo huo wa mahindi, wanawapanga kwenye kikaango kama maua, mikia katikati, wanawakaanga upande mmoja, wanawageuza wote kwa mfuniko bila kuvunjika.

Ugali dagaa, Istanbul, Januari, theluji dirishani. Nani aliwaambia mbebe unga kwenye begi kutoka Dar?

Kidagaa:

Mimi ndiye niliyebeba. Kilo tano. Zikapasuka uwanja wa ndege.

Bwana Shubiri:

Hahaha pole ndugu. Jina lako nalo limekusaliti.

Mtoto wa Pantoni:

Ukitoka gulioni saa nne, saa tano hivi, ni muda wa kifungua kinywa. Ndiyo, saa tano. Jumapili kifungua kinywa cha Mturuki ni shughuli ya familia ya kumaliza adhuhuri. Migahawa ipo, Beşiktaş kuna mtaa mzima unaouza hicho tu, ila ukialikwa nyumbani usikatae. Mimi ninaye mwenzangu kazini aliyekaa miaka kadhaa Morogoro kwenye ujenzi wa reli ya SGR. Kiswahili chake ni cha saiti: "leta", "simama", "bado", "kesho". Mama yake anakaa Üsküdar.

Viatu unavua nje ya mlango, unapewa ndala za ndani. Kabla hujakaa, mama anakumiminia kolonya viganjani, manukato ya limau yenye spiriti, unasugua mikono na kujipaka usoni. Nenda na kitu mkononi, kilo ya matunda au baklava, mikono mitupu si adabu. Mezani hapaonekani kitambaa: zeituni za aina mbili, jibini za aina tatu, nyanya na matango, menemen ya mayai na nyanya na pilipili ikiwa bado inachemka kwenye kikaango, asali imemwagwa juu ya kaymak, malai mazito ambayo ukishayapaka kwenye mkate wa moto huzungumzi na mtu. Birika la chai ni la ghorofa mbili, juu majani yaliyokolea, chini maji ya kuzimulia. Kiglasi kikibaki robo kinajazwa. Mimi nilikunywa kwa adabu mpaka tumbo likawa ngoma, ndipo yule mwenzangu akachukua kijiko changu akakilaza juu ya mdomo wa glasi. Mama akaacha kumimina.

Mwisho kahawa. Nzito, ya kwenye kikombe kidogo, machicha yanabaki chini. Ukimaliza unafunika kikombe kwa kisahani, unageuza, unasubiri kipoe, na mama anaanza kukusomea. Mimi siamini ramli, na yeye mwenyewe, mama wa swala tano, anasema haamini. Lakini alisoma kwa dakika ishirini, jirani akaja kuongeza maoni, na mwanamke mrefu akaonekana kwenye kikombe changu, na samaki ambaye ni riziki, na njia ndefu. Njia mgeni hakosi.

Shangazi Kariakoo:

Nimesoma yote mpaka mwisho. Nakuja mwezi ujao, safari hii nitaacha Jumapili wazi. Swali langu ni hamamu. Sisi wanawake inakuwaje? Nasikia mnakaa uchi.

Binti Ughaibuni:

Shikamoo shangazi, mimi nasoma huku, ngoja nijibu mimi maana kaka hajafika upande wetu. Hamamu nyingi zina upande wa wanawake peke yake, na zile ndogo zenye ukumbi mmoja zinagawa siku au saa, kwa hiyo uliza kwanza. Çemberlitaş aliyoitaja kaka ina pande mbili tofauti na inafunguliwa kila siku. Ni ya bei, lakini kwa mara ya kwanza ni rahisi kwako kwa sababu wahudumu wamezoea wageni na iko njiani: panda tramu ya T1 hapo Laleli kuelekea Eminönü, kituo cha kwanza Beyazıt, cha pili Çemberlitaş, unashukia hapo. Anayekuosha ni mwanamke. Wengi wanabaki na chupi tu, wengine hawana kitu, hakuna anayemtazama mwenzake. Kama umesuka, mwambie mapema asikumwagie kichwani. Na usipake mafuta asubuhi hiyo, kese inateleza.

Shangazi Kariakoo:

Marahaba mwanangu. Nyuzi za kichwani ni mpya, sitaki zilowe. Nitamwambiaje na Kituruki sijui?

Binti Ughaibuni:

Shika kichwa kwa mikono miwili, sema "saç yok". Ataelewa. Na chukua chupi nyingine kavu kwenye mkoba, utakayoingia nayo italowa.